Kafyu Ilifunga Usiku, Haikufunga Boma
Hotuba kwa wahudumu wa afya ya jamii kuhusu mazoezi ya mwili na afya ya akili wakati wa mlipuko



Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa, na kuanzia Machi 27 kukawa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mnamo Juni 2021, Migori na Homa Bay ziliwekwa miongoni mwa kaunti 13 zilizokuwa na maambukizi mengi, zikapewa kafyu ndefu kuliko sehemu nyingine za nchi. Kafyu iliondolewa kote nchini tarehe 20 Oktoba 2021.

Masharti hayo yalikuwa na sababu, kwa kuwa virusi husambaa watu wanapokusanyika. Hata hivyo, yalileta mzigo mwingine ambao haukuhesabiwa kila jioni pamoja na idadi ya wagonjwa. Mzigo huo ni wa akili.

Mfano uko ufuoni. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na saa za kafyu ndizo saa za kazi hiyo. Mvuvi wa Muhuru Bay, Sori au Mbita amezoea kupumzika siku chache mbalamwezi inapong'aa, kwa sababu anajua giza litarudi naye atarudi majini. Kafyu iliongezwa muda mara kwa mara, na mwisho wake halisi haukujulikana. Mtu aliyezoea kupiga kasia na kuvuta nyavu anapokaa bure asijue hadi lini, hupoteza pato, hupoteza wenzake wa mtumbwini, na hupoteza uchovu mzuri unaoleta usingizi.

Wanafunzi nao walipata pigo. Isipokuwa madarasa machache yaliyorudi Oktoba 2020, wengi walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Kandanda na mbio za shuleni zilisimama. Hata msiba ulibadilika: waombolezaji walipunguzwa, na familia iliyozoea kufarijiwa na kijiji kizima ikalia na watu wachache.

Shirika la Afya Duniani lilieleza Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa Korona, wasiwasi uliokithiri na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Kutengwa na watu ni sababu mojawapo kubwa.

Mazoezi husaidia hapo. Mwili unapofanya kazi, moyo husukuma damu vizuri, misuli hulegea, usingizi huja, na mawazo hupata nafasi ya kutulia. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kwa mtu mzima kuanzia. Hazihitaji jimu. Kutembea kwa kasi, kulima, kuruka kamba au kucheza ngoma ndani ya boma, yote huhesabiwa.

Lakini ushauri huu haufai kutolewa kwa kila mtu kwa namna moja. Mama anayebeba maji, kulima na kuanika omena tangu alfajiri hakosi mazoezi. Anachokosa ni kupumzika, kusaidiwa kazi, na mtu wa kumsikiliza. Kwa hiyo swali la kwanza la mhudumu anapoingia bomani liwe hili: ni nani hapa aliyekuwa akitembea, na sasa amesimama? Mara nyingi ni mvuvi asiyekwenda majini, mwendeshaji boda boda asiye na abiria, kijana aliyetoka shuleni, au mzee asiyefika tena sokoni. Huyo ndiye wa kualikwa kutembea asubuhi, ikiwezekana na mtu wa nyumbani kwake, kwa kuwa mazungumzo ya njiani ni sehemu ya dawa.

Mazoezi pia yana mpaka wake. Mtu asiyelala wala kula kwa wiki mbili, anayekunywa pombe kupita kiasi, au anayesema hataki kuishi, asiambiwe akimbie tu. Apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kuachwa peke yake. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pia hutoa ushauri nasaha bila malipo kwa simu nambari 1199.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlipuko mwingine ukija na milango ikafungwa tena, hesabu ya kila kijiji isiwe ya wanaokohoa pekee. Ijumuishe na walionyamaza.