Kazi ikiisha, mzee analala wapi?

Haya ndiyo niliyoongea Jumamosi kwenye kikao cha vijana hapa Kericho. Nimeyakata vipande ili yasomeke. Sitaji mwanasiasa wala chama.

1. Mjadala wa nyumba Kenya huishia kwenye makato: 1.5% ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Wengine wanahesabu nyumba, wengine wanahesabu pesa. Mzee dhaifu hahesabiwi.

2. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au pesa za kodi. Ndiyo maana mashamba ya chai ya Kericho na Bomet yana nyumba za wafanyakazi. Lakini nyumba hiyo inafuata kazi. Mgongo ukikataa kubeba kikapu, kazi inaisha na unarudisha funguo.

3. Mtaniambia, "Si arudi kwao?" Nyanya yangu alirudi. Nyumba anayo, ila choo kilikuwa chini kwenye mteremko, na mvua za huku mnazijua. Jioni alikuwa anakataa chai, eti hana kiu. Kumbe aliogopa kuteleza usiku akienda choo. Hiyo si shida ya daktari, ni shida ya fundi.

4. Serikali inasaidia, ndiyo. Inua Jamii inawapa waliofika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo ni unga na sukari, haijengi choo. Na Katiba ya 2010 inasema zaidi: kifungu cha 43, haki ya makazi yanayofaa, kifungu cha 57, wazee waishi kwa heshima na watunzwe na jamaa na serikali pia.

5. Nakubali, kampuni haiwezi kuwaweka wastaafu milele. Wafanyakazi wapya nao wanahitaji kulala. Basi anayekuja kuomba kura aulizwe: katika pesa za nyumba, ni ngapi za kurekebisha nyumba ambazo wazee tayari wanaishi? Choo karibu, sakafu kavu, maji mlangoni, jirani wa kusikia akiita.

6. Desemba mimi na binamu zangu tulichimba choo kipya karibu na mlango wa nyanya. Chai ya jioni amerudia. Lakini yule asiye na wajukuu, atachimbiwa na nani?

Niambieni, huko kwenu wazee wanaishi vipi?