Deni la Marehemu na Shamba Lake
(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama)



Katika sherehe hii ya miaka kumi wengine watawasimulia juu ya maghala na mizani. Sisi wa ofisi ya katibu tumeombwa kusema juu ya jambo lisilochezewa ngoma: mwanachama akifa hali amekwisha kuhukumiwa kulipa deni, kisha shamba lake likanadiwa kwa amri ya mahakama, je, mauzo hayo ni halali?

Deni halifi pamoja na mdaiwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 yamruhusu mdai kuomba hukumu ikaziwe juu ya msimamizi wa mirathi. Msimamizi naye hadaiwi zaidi ya mali ya marehemu iliyofika mikononi mwake. Ng'ombe aliowanunua kwa jasho lake hawaguswi. Lakini hapana budi aitwe kwanza, kwani maiti haitiki mwito wa mahakama.

Sheria hiyo imerithi mengi katika ile ya India ya 1908, iliyotumika Tanganyika zamani za Waingereza, kwa hiyo mashauri ya huko yatufaa. Mwaka 1900 Baraza la Privy la London liliamua shauri la Malkarjun na Narhari. Mdaiwa alikuwa amekufa, na mahakama ikamwita mtu asiye mrithi, ingawa mwenyewe alikana. Baraza lilisema kwamba mahakama ilikosea, lakini ilikuwa na mamlaka. Basi mauzo yakasimama, kwa sababu hayakupingwa kwa wakati. Mwaka 1904, katika shauri la Khiarajmal na Daim lililotoka Sindh, baraza hilo hilo lilisema kuwa mahakama haina mamlaka ya kuuza mali ya watu ambao hawakuwamo katika shauri wala kuwakilishwa ipasavyo.

Tazameni jinsi tofauti ilivyo nyembamba! Aliyeachwa nje kabisa aweza kusema mauzo si kitu. Ambaye mahakama ilikosea tu katika kumwita mwakilishi wake, akilala, amepoteza.

Nasi tukiri. Chama chetu kiliwahi kushika hukumu juu ya mwenzetu aliyekufa kabla hajamaliza deni la mbolea. Dalali alikuwa tayari, na baadhi yetu katika kamati tulitaka mnada upite kabla ya msimu. Mzee mmoja akauliza, 'Barua mmempelekea nani?' Hatukuwa na jibu. Tuliahirisha, mjane akateuliwa msimamizi, na deni likalipwa kwa kahawa ya misimu miwili. Lau tungeuza, huenda mnunuzi angalikuwa mahakamani hadi leo.

Tena sheria hiyo hiyo yakataza kukamatwa kwa shamba la mtu ambaye riziki yake yote yatokana nalo. Shamba lililowekwa rehani lina kanuni zake nyingine, nayo mkopaji ayasome kabla ya kutia sahihi.

Basi familia ifanye kikao cha ukoo mapema, iandike muhtasari, ichukue cheti cha kifo, iende Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi. Msimamizi akiona kasoro katika mnada, asingoje mauzo yathibitishwe. Aende mara moja. Kwa upande wetu, kamati imekubali kwamba hakuna ombi la kukazia hukumu juu ya marehemu litakalotiwa sahihi na katibu pasipo jina la msimamizi wake.