Jam hupimwa, haikisiwi

Wadau, kila kampeni huku Meru na Embu lazima mtu aahidi kumaliza jam. Mimi kabla ya kupiga makofi nauliza maswali mawili.

Kwanza, barabara ni ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Barabara kuu, kama ile ya Embu, Chuka, Nkubu hadi Meru, ni ya serikali ya kitaifa.

Pili, mlipima vipi? Kuhesabu magari pekee hakutoshi. Barabara ikikwama, yanapita machache, na karatasi itasema hakuna shida! Pimeni pia urefu wa foleni, na dakika za kutoka Makutano hadi Gakoromone, siku ya soko na siku ya kawaida. Bodaboda nazo zihesabiwe.

Pengine kinachoziba ni matatu zinazopakia barabarani. Hapo dawa ni steji. Lami mpya itaziba vilevile, na pesa zetu zimeenda.

Kikao cha wananchi cha bajeti kikiitwa, nendeni muulize: hesabu iko wapi?