Mashine Inapokataa Kuwaka
Mazungumzo ya Kamati ya Mashine mbele ya wanachama



Wengi wenu siku ya mkutano mlikuwa mikoroshoni mnapuliza salfa, ndiyo maana tumeyaandika hapa ukutani yale tuliyosema. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Habari yenyewe ni ya mashine yetu ya kusaga, iliyogoma siku tano, na ya kijana wetu mwendeshaji, ambaye tulimsimamisha kazi kwa kosa lisilo lake.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Jumatatu asubuhi, baridi ile ya mwezi wa saba inayopanda kutoka bonde la Ruvuma, akina mama wamepanga foleni na ndoo za mahindi na makopa. Hendeli ikazungushwa, injini haishiki. Ikazungushwa tena, jasho linatoka, wapi! Tangi tukalikuta karibu tupu, na jana yake lilikuwa nusu. Basi maneno yakaanza hapo hapo: kijana anauza dizeli usiku. Sisi kamati nasi tukaamini. Tukajaza tangi, injini bado haiwaki. Tukamleta fundi kutoka mjini, naye akasema pampu ya dizeli imekufa, inunuliwe nyingine. Bei aliyotaja ingekula zaidi ya nusu ya mfuko wetu. Siku hizo zote akina mama walirudi kwenye kinu, na wengine walibeba mizigo kwenda kusaga kijiji cha jirani.

Aliyetuokoa ni babu mmoja wa hapa hapa, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya kusukuma maji. Sisi watu wa juu tunaijua kazi hiyo: uwanda huu hauna mito, maji hupandishwa kutoka mabondeni kama kule Mkunya na Kitangari, na pampu ikizima ndoo zinakauka. Babu hakugusa spana. Aliuliza neno moja tu: "Mlipozungusha, bomba la moshi lilitoa nini?" Tukatazamana. Hakuna aliyeangalia.

Sasa tusikilizane vizuri hapa. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama pikipiki. Pistoni inaibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa inakuwa ya moto sana, kisha pampu inarusha dizeli kwa nguvu kupitia nozeli, kama ukungu, nayo inawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeifanya ikafanya kazi sawasawa mwaka 1897. Yetu ni ya aina ya Lister, silinda moja, nguvu-farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika. Asili yake ni Dursley, Uingereza, na siku hizi nyingi za sura hiyo hutengenezwa India. Boti za dizeli za wavuvi huko pwani zinafuata kanuni ile ile. Tofauti ni kwamba ya kwao ikigoma, upepo unawachukua. Sisi ikitugomea tunabaki na njaa nchi kavu.

Kwa hiyo injini inataka mambo mawili tu: dizeli ifike, na hewa ibanwe mpaka ipate moto. Moshi ndio unaokuambia kipi kimekosekana. Ukizungusha na bomba halitoi moshi wowote, dizeli haifiki. Likitoa moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiwaki: pengine ni baridi, pengine vali haifungi vizuri au ringi zimelika, hewa inavuja. Kuna sauti pia. Injini hii, dizeli inapopita kwenye nozeli, hutoa mlio wa "krrr", kama mlango mkavu. Usiposikia mlio huo, usiendelee kujichosha na hendeli.

Babu akazungusha. Hakuna moshi, hakuna krrr. Akaanzia kwenye tangi, akafuata njia ya dizeli kidogo kidogo. Koki ipo wazi? Ipo. Kile kishikio cha kuzimia kimerudishwa mahali pake? Kimerudishwa. (Msicheke, watu wamewahi kulipa fundi kwa kishikio hicho.) Akafungua chujio, chini yake mkakutwa maji. Pipa letu linakaa nusu tupu usiku wa baridi, unyevu unaganda ukutani mwake na kuteremka kwenye dizeli. Kukinga maji tunajua, jamani, ila si humo! Akayamwaga.

Kisha akalegeza skrubu ya chujio, dizeli ikatoka na mapovu. Hapo akatikisa kichwa. Hewa imeingia kwenye mpira. Dizeli haibonyei, lakini hewa inabonyea. Pampu ikisukuma inaibana hewa tu, kama mtu anayepiga ngumi mto wa pamba, na nozeli haifunguki. Kujaza tangi peke yake hakuondoi hewa hiyo. Akaacha itoke mpaka mapovu yakaisha, akakaza. Akafanya vile vile kwenye skrubu ya pampu. Mwisho akalegeza nati ya bomba la chuma pale kwenye nozeli, tukazungusha taratibu mpaka dizeli ikaruka, akakaza. Hapo pa mwisho usiweke kidole kamwe. Dizeli ya nozeli ina nguvu ya kupenya ngozi, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa ile ile hata kama kidonda ni kama tundu la sindano.

Krrr ikasikika. Hendeli mara moja, injini hiyo!

Lakini hewa ilitoka wapi? Babu akafukua pumba zilizolala chini ya mashine. Zimelowa dizeli chapachapa. Inavuja pale mpira unapoungana na koki. Na pale, ndugu zangu, palikuwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Kipete chake cha shaba kilipokatika tuliona uvivu kukifuata Masasi, tukakata mpira. Tulikata sisi, kamati. Dizeli huulainisha mpira wa namna hiyo mpaka hauzibi tena. Ilivuja usiku kucha, tangi likaisha, hewa ikaingia. Pumba zilinywa dizeli yote, sisi tukamwita mtoto wa watu mwizi.

Jambo jingine lisirudiwe. Jumatano mmoja wetu alichukua petroli ya mashine ya salfa akaimwaga kwenye njia ya hewa. Injini ikalipuka mara moja na hendeli ikarudi nyuma, nusura imvunje mkono. Petroli hainyunyizwi humo. Na hendeli hushikwa dole gumba likiwa upande mmoja na vidole, ili ikirudi iteleze. Hata lile chujio la hewa tulilikuta limeziba kwa unga, likaoshwa.

Vipete vipya vya shaba vimeletwa, na viwili vya akiba vipo kwenye mkebe wa spana. Pampu haikununuliwa. Kijana amelipwa siku zake tano kutoka mfukoni mwa wanakamati, si mfuko wa ushirika, na tulikwenda kwao kuomba radhi mbele ya wazazi wake. Hapa tunaomba tena, mbele ya wote mliomsema pamoja nasi. Amerudi kazini. Koki inafungwa kila jioni, pumba zinafagiliwa kabla ya kufunga mlango, na ufunguo anao yeye.

Kamati ya Mashine