Vijana Wetu na Elimu ya Mambo ya Serikali



Jambo tulilotakiwa kulieleza ni hili: kijana wa Lodwar au wa Kakuma anayetaka kuingia katika utumishi wa umma ajitayarishe vipi katika elimu ya mambo ya nchi na sera za Serikali. Huenda mzee mmoja akasema moyoni mwake, "Hilo ni la watoto waliosoma, sisi latuhusu nini?" Twaomba mtusikilize hadi mwisho, kwani tutaonyesha ya kuwa bila wazee kazi hii haitatimia.

Kwanza yafaa tukumbushane tulikotoka. Zama za ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, haingiwi bila kibali, na Wakoloni waliiona kuwa mahali pa kuwafichia watu. Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akaletwa hapa Lodwar, akakaa mpaka mwaka 1961. Uhuru ulipopatikana, Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ili mavuno yawe makubwa upesi. Sisi wa nchi kavu tukangoja. Wengi wetu tuliona shule chache na barabara mbovu, tukadhani ni bahati mbaya au ukali wa jua. Kumbe ilikuwa sera, iliyoandikwa kwa wino, ikasomwa na kupitishwa. Ilichukua miaka 47 hata ukapatikana Waraka wa Bunge Na. 8 wa 2012, uliohusu maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya na nchi nyingine kavu. Basi asiyejua sera hupigwa na fimbo asiyoiona.

Katika nchi yetu mtu huingia katika utumishi kwa kuomba kazi na kuhojiwa, na akiisha kuingia, kada nyingine humtaka afanye mitihani kabla ya kupandishwa cheo. Mbele ya wahoji, cheti cha shule ni kama fimbo ya mchungaji: kila aliyefika anayo. Linalowatenga watu ni kujibu maswali kama haya: Kaunti ina kazi gani na Serikali ya Taifa ina kazi gani? Bajeti hupitia njia ipi? Sheria fulani ilibadilisha nini kwa wananchi? Kijana wetu mwenye akili njema hunyamaza hapo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mambo haya husomwa.

Na husomwa wapi? Shina ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 232 chaeleza maadili ya utumishi wa umma, na humo mna mambo mawili yanayopaswa kushikwa pamoja: kwamba watu waajiriwe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili, na kwamba utumishi uwakilishe jamii zote za Kenya. Kifungu cha 56 kinataka makundi yaliyoachwa nyuma yapewe nafasi maalumu za elimu na kazi. Jedwali la Nne lagawa kazi: zahanati, shule za chekechea na barabara za kaunti ni za Kaunti, ulinzi na uhamiaji ni vya Serikali ya Taifa. Anayelijua Jedwali hilo hatamlaumu Gavana kwa kosa la Waziri, wala Waziri kwa kosa la Gavana.

Hapa yatupasa tuseme neno moja bila kuficha. Tumesikia malalamiko kuwa katika ofisi za Kaunti yetu wameajiriwa watu wa kwingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi wapewe watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Sheria hiyo hiyo ndiyo ngao ya mtoto wa Turkana anayeomba kazi Nakuru au Mombasa. Na hata katika nafasi zilizobaki hapa nyumbani, kuzaliwa Lodwar si sifa ya kutosha. Wanaoshindana ni watoto wetu wenyewe, na atakayechaguliwa kwa haki ni yule aliyejitayarisha. Tukimfundisha kijana kutegemea mjomba aliye ofisini, tumemnyima urithi. Siku mjomba akistaafu, kijana atabaki mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye namna ya kujifunza. Mfugaji mwenye busara hahamishi mifugo kwa uvumi. Hutuma vijana watazame malisho na maji, nao hurudi wakaeleza walichokiona. Habari za nchi zitazamwe vivyo hivyo. Kila kijana awe na daftari, na kwa kila jambo aandike haya: limesemwa nini na tarehe gani, nani mwenye mamlaka, ni sheria gani inayolihusu, fedha zatoka wapi, na lamgusa nani. Kisha aache nafasi chini yake, ili arudi baada ya miezi kadhaa aandike lililotokea.

Nafasi ile tupu ina kazi kubwa. Mwezi wa Septemba mwaka 2013 ilitangazwa kwamba hazina kubwa sana ya maji imeonekana chini ya ardhi ya Lotikipi, na dunia nzima ikashangilia. Baadaye visima vilipochimbwa na maji kupimwa, yalionekana yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa bila kusafishwa. Aliyeandika habari ya kwanza tu atawaambia wahoji kuwa kiu ya Turkana imekwisha.

Hali kadhalika mafuta. Mwezi wa Machi mwaka 2012 ilitangazwa kuwa yameonekana katika bonde la Lokichar. Lakini mgao wake ulibishaniwa miaka mingi, mpaka Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 ikaweka asilimia 75 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa Kaunti na 5 kwa wenyeji. Kijana ajue tarakimu hizo, na zaidi ya hapo ajue kwa nini zilibishaniwa, na jamii iwe na utaratibu gani wa kuitunza ile asilimia 5 isipotee mchangani kama maji ya laga.

Kwa ndugu zetu wa Kakuma kuna somo la pekee. Kambi ilianza mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa mwaka 2016. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 iliyaelekeza mambo upya, ikataka wenyeji na wakimbizi watumie pamoja huduma za umma, na mambo ya wakimbizi yafikiriwe katika mipango ya maendeleo. Na mwezi wa Machi mwaka 2025 Serikali ikazindua Mpango wa Shirika wa kuugeuza mwendo wa kambi uwe mwendo wa makazi. Kijana aliyekua kando ya laga ya Tarach ameyaona kwa macho yake mambo ambayo wengine huyasoma kwa mbali. Akiongeza elimu ya sheria juu ya aliyoyaona, ni nani atakayemshinda katika kuyaeleza?

Ipo pia kalenda ambayo kila mwanachama aijue. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa Kaunti hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa Mwelekeo wa Fedha kabla ya mwisho wa Februari. Na makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili. Katika hatua hizi wananchi hualikwa watoe maoni. Kijana aliyehudhuria kikao kimoja cha namna hiyo, akasikiliza na kuuliza swali, amejifunza kuliko aliyekariri majina ya mawaziri wote.

Basi twaomba Chama kifanye mambo matatu. La kwanza, nakala za Katiba na za sheria tulizozitaja ziwekwe mahali pamoja Lodwar na mahali pamoja Kakuma, zisomwe na kila atakaye. La pili, vijana wakutane mara moja kila juma, wasomeane madaftari yao. Na saa ya kukutana ichaguliwe ili mabinti zetu wanaoteka maji asubuhi wasiachwe nje. La tatu, wazee wakae mbele yao kama wahoji.

Hili la tatu ndilo tulilowaahidi tangu mwanzo. Wazee wetu, chini ya mti mmezoea kumsikiliza mtu akitoa hoja, na mwajua upesi kama anasema alijualo au anapamba maneno. Mwulizeni kijana: Ukame ukija, Mamlaka ya Kukabiliana na Ukame ya Taifa yapaswa kufanya nini kabla ng'ombe hawajafa? Akijibu kwa ufupi, kwa adabu na kwa ukweli, yuko tayari. Akibabaika, afadhali ababaike mbele ya babu yake kuliko mbele ya Bodi. Nanyi pia mtapata faida, kwani mtazijua haki ambazo hamkupata kuambiwa.

Hatusemi kwamba kila atakayesoma atapata kazi. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Lakini asiyepata kazi atarudi kijijini akiwa anajua pa kuuliza dawa za zahanati zilikokwama, na barabara iliyoandikwa katika mpango imeishia wapi. Waraka wa mwaka 1965 uliandikwa pasipo sisi kujua. Waraka mwingine ukiandikwa, na awepo mtoto wetu mezani, na awepo mzee wake nje anayejua kilichomo.