Fedha Taslimu Mkononi mwa Mkulima na Wajibu wa Chama



Neno linalosikika mara kwa mara katika mikutano ya vyama vya msingi ni hili: maskini akipewa fedha mkononi atazila zote, na siku ya tatu atarudi kuomba. Kwa sababu ya neno hilo, kwa miaka mingi msaada kwa mkulima wa Kenya ulifika ndani ya gunia. Yalikuja mahindi ya njaa, mbegu, majembe, mablanketi na mbuzi, na aliyetoa ndiye aliyechagua. Mkulima alipanga foleni, akabandika alama ya kidole gumba, akachukua alichopewa. Ikiwa haja yake ilikuwa karo ya mtoto na wala si jembe, aliliuza jembe njiani kwa nusu ya bei kabla hajafika nyumbani. Hasara ya ile nusu nyingine haikuandikwa katika kitabu cha mtu yeyote.

Mazungumzo haya yahusu njia nyingine, nayo ni kumpa mkulima fedha zenyewe, bila sharti na bila deni. Njia hii si ngeni nchini Kenya. Serikali iliijaribu kuanzia mwaka 2004 kwa nyumba zinazolea yatima. Baadaye wakaingizwa wazee na watu wenye ulemavu mkubwa, na katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ukawekwa mpango wa nyumba zinazokabiliwa na njaa. Mipango hiyo ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Inua Jamii, na kiwango chake kwa miaka mingi kimekuwa Sh. 2,000 kwa mwezi kwa mzee, mlemavu au nyumba inayolea yatima. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwezi wa Machi 2007, iliondoa taabu kubwa ya kusafirisha fedha hadi vijijini. Ndipo shirika la GiveDirectly, kuanzia mwaka 2011, likaanza kuwapelekea watu wa Rarieda, katika Siaya, fedha moja kwa moja katika simu zao. Wataalamu wa uchumi walifuatana nalo, wakapiga kura kuamua nani apewe kwanza, ili waweze kulinganisha nyumba zilizopata na zile ambazo hazikupata.

Basi ichukuliwe familia moja ya mfano, ya namna ambayo kila katibu wa upande wa Nyanza anaijua: mume, mke, watoto wanne na bibi mzaa baba, juu ya shamba la ekari moja na nusu la mahindi na maharagwe, lililoingiwa na kiduha. Nyumba yao ni ya udongo na paa la nyasi. Familia hii si ya wavivu. Adha yao ni kalenda. Wanavuna katika Julai na Agosti, wakati ambapo kila jirani anavuna na bei ya mahindi iko chini kabisa. Lakini karo inadaiwa na duka linadai, hivyo huuza. Kufikia Machi, mvua za masika zikikaribia, ghala ni tupu. Hapo hununua kwa bei ya juu mahindi ya aina ile ile waliyoyauza, na mume huenda kulima shamba la mtu mwingine kwa kibarua katika wiki ile ile ambayo shamba lake lingepaswa kupandwa. Shamba lake linapandwa kwa kuchelewa, mavuno yanakuwa haba, na mwaka unaofuata unaanza pale pale. Chama cha ushirika humwona mwanachama huyu kuwa mkaidi kwa kuwa haleti mazao ya kutosha. Kinachomfunga ni ukosefu wa shilingi elfu chache katika mwezi wa tatu.

Yafaa sasa kutazama namna fedha zilivyotolewa katika jaribio lililo kubwa zaidi, lililofanyika Siaya kati ya mwaka 2014 na 2017 katika vijiji 653. Nyumba zilizopata zilizidi 10,500. Aliyestahili ni yule ambaye nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na kila nyumba ilipata jumla ya Sh. 87,000, yaani kama dola 1,000 za wakati ule, kiasi kinachokaribia robo tatu ya matumizi ya nyumba ya kawaida ya huko kwa mwaka mzima. Hazikuja mara moja. Zilitangulia Sh. 7,000 za kuthibitisha kwamba simu na jina ni sahihi. Miezi miwili baadaye zikafuata Sh. 40,000, na miezi sita baada ya hapo zikaja Sh. 40,000 za mwisho.

Kwa familia ya mfano, ikiwa zile elfu saba zitafika Januari, mpango huo unaangukia vizuri ajabu. Elfu saba zinalipa deni la dukani na kununua chakula. Elfu arobaini za kwanza zinaingia Machi, na mume halazimiki kwenda kibaruani. Anapanda kwa wakati, akiwa na mbegu na mbolea alizozinunua mwenyewe. Zile za mwisho zinaingia Septemba, mavuno yakiwa yamo nyumbani, na kwa mara ya kwanza familia hii haina sababu ya kuyauza kwa bei ya kutupa. Kwa nyumba nyingine tarehe zilianguka vibaya zaidi, na hapo ndipo mtu hutambua kwamba mwezi wa malipo una uzito sawa na kiasi chake.

Je, fedha zililiwa? Katika Rarieda, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Yaliyoongezeka ni chakula, mifugo na mapaa ya mabati. Juu ya bati wengi hucheka, wakisema kwamba mtu maskini ananunua fahari. Lakini aliyewahi kukaa chini ya paa la nyasi anajua kwamba nyasi zahitaji kubadilishwa kila baada ya muda mfupi, kwamba nyasi zenyewe siku hizi hununuliwa, na kwamba mvua ikivuja usiku huozesha mahindi yaliyohifadhiwa chini yake. Bati hukinga maji ya kunywa, na mwanamke akapumzika safari ya mtoni. Katibu anayemshauri mwanachama kununua mbolea badala ya bati na atembee kwanza nyumbani kwake wakati wa mvua.

Waliofanya uchunguzi walitaka pia kujua kama ni heri fedha zipewe mke au mume. Waligawa kwa kura, na katika matumizi ya nyumba hawakukuta tofauti kubwa. (Jambo hili limewaudhi watu wa pande zote mbili za ubishi huo.) Tofauti iliyoonekana wazi ilitokana na namna ya kulipa. Waliolipwa kidogo kidogo kila mwezi walikula vizuri zaidi. Waliolipwa kwa mkupuo walinunua vitu vikubwa vya kudumu.

Taarifa iliyotolewa mwaka 2025 juu ya vile vijiji vya Siaya ndiyo nzito kuliko zote. Katika nyumba zilizopata fedha, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Upungufu huo ulikuwa mkubwa zaidi mahali ambapo palikuwa na kituo cha afya chenye daktari karibu, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba mama waja wazito waliweza kupumzika na kazi ngumu katika miezi ya mwisho, kisha wakajifungulia hospitalini. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Fedha hazikuwa na sharti lolote. Wakati wote huo watu walijua kwamba mjamzito hafai kubeba mizigo na kulima vibarua. Kilichokosekana ni nauli, malipo ya hospitali, na chakula cha siku ambayo mama hakufanya kazi.

Lakini jambo linalogusa vyama vya ushirika kwa karibu zaidi ni lile lililowapata majirani ambao hawakupewa kitu. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba fedha nyingi zikimwagwa kijijini bei zitapanda, na asiyepata ataumia mara mbili. Bei zilipimwa sokoni mwezi baada ya mwezi, na kwa wastani zilipanda kwa sehemu 0.1 tu katika kila mia. Wakati huo huo matumizi ya nyumba zisizopewa yaliongezeka karibu sawa na yale ya nyumba zilizopewa. Wachunguzi walikadiria kwamba kila shilingi 1 iliyoingia ilizaa takriban shilingi 2 na nusu katika uchumi wa sehemu ile.

Hesabu hiyo inaweza kuonekana kama mazingaombwe, na hapana budi ielezwe. Kinu cha kusaga posho kijijini hakisagi mchana kutwa. Mwenye kinu hukaa kivulini akingoja wateja, na mashine ile ile, pamoja na kijana yule yule aliyeajiriwa, vingeweza kusaga maradufu. Fundi cherehani ana cherehani moja na nguo mbili za kushona kwa wiki. Mwenye duka ana rafu zilizojaa, lakini wanunuzi hana. Fedha zilipoingia, kinu kilisaga zaidi, fundi alishona, fundi wa mapaa akaita wasaidizi wawili, na wasaidizi hao nao wakaenda dukani. Kwa kuwa uwezo ulikuwapo tayari ukilala, hapakuwa na sababu ya kupandisha bei. Hivyo ndivyo mwanachama mwenye nyumba ya bati, aliyeachwa katika orodha, alivyonufaika bila kupokea simu yoyote.

Hata hivyo kunufaika si sawa na kuridhika. Uchunguzi mwingine kule Rarieda ulionyesha kwamba mtu aliyeona jirani zake wakiinuka hali yeye akibaki alipokuwa, aliyaona maisha yake kuwa duni kuliko kabla. Kigezo cha paa la nyasi ni rahisi kukikagua, lakini kilimwacha nje mjane mwenye bati lililotoboka lililowekwa na marehemu mumewe. Aidha katika Homa Bay nyumba nyingi zilikataa fedha hizo katika miaka ya 2015 na 2016, watu wakinong'onezana kwamba ni fedha za kishetani, kwani ni nani hugawa mali bure? Wasilaumiwe sana. Wameona mengi yaliyokuja kwa jina la bure na yakaishia kwa kudaiwa. Nao wazee wa Inua Jamii hulalamika kwamba malipo yao hukawia miezi, kisha huja kwa pamoja. Na msaada usiojulikana utafika lini hauwezi kupangwa katika kalenda ya shamba.

Kuanzia mwaka 2018 jaribio jingine liliendeshwa katika vijiji vya Siaya na Bomet. Baadhi ya watu walipewa kama dola 22 kila mwezi kwa miaka 2, wengine waliahidiwa kiasi hicho kwa miaka 12, na wengine walipewa fedha za miaka 2 kwa mkupuo mmoja. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba wenye mkupuo na wenye ahadi ya miaka 12 walianzisha biashara nyingi kuliko wale wa miaka 2. Na wale wa miaka 12, walioletewa kidogo kidogo, walipataje mtaji? Walichanga. Waliingia katika vyama vya kuzungushiana fedha, mwezi huu wa huyu na mwezi ujao wa yule, wakazigeuza shilingi za kila mwezi kuwa mkupuo. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha; ushirika walikuwa nao tangu zamani.

Hapa ndipo chama cha msingi kinapoingia, na ndipo palipo na hatari. Katibu anaposikia kwamba mwanachama wake amepokea elfu arobaini, jambo la kwanza linalomjia ni daftari la madeni. Mama mmoja wa familia kama ile ya mfano anafika ofisini na Sh. 15,000 alizozitenga.

"Bwana Katibu, niwekee hizi hadi Machi, ni za mbolea."

"Mama, chama kinakudai elfu tisa tangu msimu wa juzi. Nitakata hizo kwanza."

Mama huyo hatarudi tena na fedha, wala jirani zake hawatarudi, na chama kitakuwa kimepata elfu tisa na kupoteza amana za kijiji kizima. Deni la pembejeo hukatwa katika malipo ya mazao, kwa namna mwanachama alivyotia sahihi. Msaada si malipo ya mazao, na amana si mavuno. Ikiwa mwanachama mwenyewe anataka kulipunguza deni lake, na alipunguze kwa hiari, kwa stakabadhi ya peke yake. Lakini elfu kumi na tano alizozileta kwa ajili ya mbolea ziandikwe katika kitabu chake cha akiba, mbele ya macho yake, pamoja na tarehe aliyosema atazihitaji. Na halmashauri iangalie kwamba kufikia mwisho wa Februari mbolea imekwisha kuagizwa na imo ghalani, maana mwanachama mwenye fedha mkononi hatangoja lori la Aprili.