Hati ya Kwanza ya Mshahara

(Mada iliyotolewa kwa wahitimu wa vyuo vikuu na wazazi wao, Kata ya Tumati, Wilaya ya Mbulu)



Nimeagizwa na taasisi yangu nizungumze juu ya fedha za mhitimu. Mimi mwenyewe nilihitimu miaka michache tu iliyopita, hivyo baadhi ya makosa nitakayoyataja niliyafanya kwa mkono wangu.

Naanza na hesabu, kwa kuwa ndiyo isiyosemwa nyumbani. Tuchukue mfano wa kijana aliyeajiriwa serikalini kwa mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Mzazi akisikia laki saba, humwona mwanawe amefika. Lakini kabla fedha hizo hazijaingia benki, asilimia 5, yaani shilingi 35,000, huenda katika mfuko wa pensheni. Asilimia 3, shilingi 21,000, huenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kodi ya mapato, kwa viwango vinavyotumika ninapoandaa mada hii, ni shilingi 49,000. Na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo ni shilingi 105,000. Makato yote ni 210,000. Kinachomfikia ni 490,000, na bado hajalipa pango wala nauli, wala hajapika.

Lipo deni jingine lisilomo katika hati ya mshahara. Yupo mtamba aliyeuzwa mnadani ili kijana aende chuo. Vipo vitunguu saumu vya msimu mzima vilivyogeuka kuwa nauli na godoro. Wapo wadogo wanaosubiri sare na madaftari. Deni hilo ni halali, wala sikuja kuwashauri vijana walikimbie. Nililokuja kulisema ni kwamba madeni hayo mawili yanabebeka yakiwekwa wazi. Kinachowaangusha vijana wengi ni deni la tatu, lile linalokopwa kwa siri ili la pili lionekane linalipwa.

Mwezi wangu wa tatu kazini, baba alinipigia simu akaomba shilingi 200,000 za mbegu na mbolea. Sikuwa nazo. Nilipaswa kumwambia kinachobaki mkononi mwangu ni kiasi gani, nikaona haya. Nikafungua programu ya mikopo katika simu, ambayo siitaji. Nilikopa 200,000 nikapokea 160,000, kwani zilizobaki zilikatwa palepale kwa jina la ada ya huduma. Baada ya siku 14 nilidaiwa 230,000. Nikakopa kwingine ili nilipe kule. Nilipochelewa siku mbili, watu waliomo katika simu yangu walitumiwa ujumbe ulioniita tapeli. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, na ni yeye aliyemsomea baba.

Mikopo ya namna hii mitaani huitwa kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa Daraja la Pili, wasiopokea amana, kikomo cha riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 200,000, hiyo ni shilingi 7,000. Linganisheni na nilichotozwa mimi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Kabla hujakopa, tafuta jina la mkopeshaji katika orodha ya wenye leseni. Programu ikikuomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu yako, ifute. Taarifa zako zina Sheria yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko kuhusu mkopeshaji mwenye leseni hupelekwa kwanza kwake kwa maandishi, kisha Benki Kuu asipokuridhisha.

Kwa ambao bado hamjapata ajira, na najua ndio wengi hapa, marejesho ya Bodi huanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au shilingi 100,000 kwa mwezi, kutegemea kipi ni kikubwa. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni livimbe mwaka hadi mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Kwa maoni yangu, hakuna mkopo mwepesi kuliko huo ambao kijana wa leo ataupata, na sioni sababu ya kujificha nao.

Kuhusu uwekezaji sina mengi. Mwenye fedha ya chakula cha mwezi mmoja mbele amekwisha kuanza. Mkitaka kujiunga na kikoba, ulizeni kwanza kama kimesajiliwa katika halmashauri.

Nilipokwenda nyumbani likizo, nilimpa baba hati yangu ya mshahara. Aliisoma mara mbili, akauliza huyu Bodi ni nani. Tulikubaliana nitume 60,000 kila mwezi, basi. Mwaka ule alilima nusu ya shamba. Madeni ya zile programu niliyamaliza baada ya miezi 7.

Nimekuja na nakala za hati ya mshahara zisizo na jina. Naomba kila familia ichukue moja, mzazi na kijana wakae pamoja, waijaze. Kalamu ziko mezani, na mimi nitapita kwa kila mmoja wenu.